Tarakilishi Inaponyamaza

Katika sarufi ya Kiswahili tuna kile wanaisimu wanachokiita mofimu kapa. Mwalimu akimwambia mwanafunzi mmoja "Soma!", hakuna kiambishi kinachotamkwa kuonyesha umoja. Twautambua umoja huo kwa sababu lau wangekuwa wengi angesema "Someni!" Ukimya wa hapo una maana kwa kuwa ipo sauti ambayo ingeweza kusikika na haikusikika. Pasipo uwezekano huo, ukimya ni utupu mtupu.

Nimelileta suala hili la darasani kwa ajili ya walimu na wanafunzi wanaohifadhi alama za mitihani na rasimu za tasnifu katika tarakilishi za nyumbani zinazoendeshwa na Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka wa 1991. Mfumo huu, kwa desturi uliyoirithi kutoka Unix, una karani wa zamu aitwaye cron, ambaye hufanya kazi alizopangiwa usiku, kama vile kunakili faili kwenye diski ya pili. Kazi ikitoa maandishi yoyote, cron huyatia katika barua pepe na kumpelekea mwenye kazi. Isipotoa neno, hapeleki kitu.

Hapo ndipo penye mtego. Barua isipofika, huenda kazi imekwenda salama, au haikufanyika kabisa, au ilishindwa na lalamiko lake likapotea njiani. Mambo matatu, ukimya mmoja! Aliyezoea kuamka bila barua hujiona mwenye heri, miezi ikapita, hata diski ikafa wiki ya kuwasilisha tasnifu. Ndipo anapogundua kwamba nakala yake ya mwisho ni ya mwaka jana.

Mshukiwa wa kwanza ni tarishi. Cron huandika barua tu. Kuisafirisha ni kazi ya programu nyingine, kama Postfix au Exim, na mifumo mingi ya nyumbani haina tarishi huyo tangu siku ya kwanza. Fedora, kwa mfano, iliacha kumweka kwa kawaida tangu toleo la 20 la mwaka wa 2013. Katika Debian, cron huandika waziwazi kwenye kumbukumbu za mfumo kwamba hakuna tarishi na kwamba maneno yametupwa. Lakini ni nani azisomaye kumbukumbu hizo?

Tarishi akiwapo, chungulia /var/mail. Aghalabu barua zimerundikana humo zikimsubiri msomaji asiyejua kuwa zipo. Andika katika /etc/aliases mstari unaoelekeza barua za root kwenye anwani yako, kisha utoe amri ya newaliases. Tazama pia MAILTO katika ratiba ya cron: ikiwa na nukuu tupu, barua zote huzimwa.

Nje ya nyumba kuna vizingiti vingine, na amri ya mailq itakuonyesha barua zilizokwama. Kampuni nyingi za intaneti huwafungia wateja wa nyumbani mlango nambari 25 ili kuzuia barua taka. Isitoshe, tangu Februari 2024 Google na Yahoo zadai kila mtumaji athibitishe utambulisho wake, jambo ambalo tarakilishi ya sebuleni haliwezi peke yake. Heri tarishi wako aipitishe barua kwenye seva ya huduma yako ya barua pepe, kwa mlango nambari 587. Watumiaji wa Gmail wakumbuke kwamba tangu mwaka wa 2022 neno la siri la kawaida halikubaliki kwa kazi hii. Sharti uombe lile maalumu la programu.

Hata hivyo, kwangu mimi kosa kubwa ni ile itikadi ya wakongwe wa Unix kwamba programu iliyofaulu haina la kusema. Iamuru kazi yako iseme kila usiku, japo mstari mmoja: tarehe, na idadi ya faili zilizonakiliwa. Hapo barua isipofika, kutofika kwake kutakuwa na maana. Na ukitaka kujua leo hii kama njia iko wazi, mpangie cron kazi ya kuandika neno moja kila dakika, usubiri dakika tatu, kisha usisahau kuifuta.