Je, Wajua? Fizikia ya zege lisilolala

Mafundi wa Tegeta husema zege halilali: likishachanganywa, limwagwe siku hiyohiyo. Ndani ya msemo huo imo fizikia ya wakati. Kanuni za Newton hazibagui jana na kesho. Chembe mbili zikigongana, ukiirudisha video yake nyuma huoni kasoro. Lakini zege linalorudi kuwa saruji, mchanga na maji, nani amewahi kuliona?

Saruji ya kiwanda cha Wazo Hill, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, hutokana na mawe ya chokaa yanayochomwa hadi nyuzijoto 1,450 hivi. Ikikutana na maji hutoa joto. Msingi mnene uliomwagwa jana huwa na uvuguvugu. Joto hilo hutawanyika hewani, halirudi. Mwanafizikia Ludwig Boltzmann alieleza sababu: njia za kutawanyika ni nyingi mno kuliko za kukusanyika. Kurudi hakukatazwi, ila uwezekano wake ni mdogo kupita kiasi. Kipimo cha mtawanyiko huo ni entropia, na fomula yake imechongwa kwenye kaburi la Boltzmann, Vienna.

Ikiwa entropia huelekea kuongezeka tu, basi zamani ilikuwa ndogo zaidi. Kwa nini ulimwengu ulianza na entropia ndogo, miaka bilioni 13.8 iliyopita? Hilo bado halijapata jibu.