Saa za Mzee Mwenye Maradhi ya Figo
Figo zinaposhindwa kazi, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara. Hizo ni saa 12, mbali na safari na uchovu unaofuata. Kwa kijana anayesubiri kupandikizwa figo, muda huo ni mtaji. Kwa mzee mwenye maradhi mengine mazito, sehemu kubwa ya siku zinazoongezwa huweza kuishia hospitalini. Njia nyingine ipo: kutuliza kichefuchefu, muwasho na uvimbe kwa dawa bila mashine, ingawa huenda maisha yakawa mafupi zaidi. Kabla ya kuamua, daktari na jamaa wamuulize mzee mwenyewe: siku zilizobaki angependa kuzitumia wapi, na pamoja na nani?