Umri wa Manowari Umo Ghalani

Anayenunua gari lililotumika huuliza kwanza kama spea zake zinapatikana. Jeshi la majini linalonunua manowari iliyotumika lina swali hilohilo, na safari ya destroya nne za daraja la Kidd inaonyesha uzito wake.

Meli hizo ziliagizwa na Iran enzi za Shah. Kwa kuwa zingefanya kazi Ghuba, kwenye joto na vumbi, zilipewa viyoyozi vyenye nguvu na vichujio maalumu vya hewa. Mapinduzi ya 1979 yakavunja mpango huo. Marekani ikazichukua, ikazipa majina ya maadmirali wake waliouawa katika Vita Kuu ya Pili: Kidd, Callaghan, Scott na Chandler. Ziliingia kazini 1981 na 1982, zikastaafishwa 1998 na 1999, kisha zikauziwa Taiwan, ambayo ilizipokea 2005 na 2006.

Meli nne ni chache mno kuwa na soko la vipuri vyake peke yake. Kilichozibeba ni ukoo. Umbo lake ni la daraja la Spruance, lililokuwa na destroya 31, zote zikiwa zimeundwa Ingalls, Pascagoula, katika jimbo la Mississippi. Kila moja inasukumwa na injini nne za LM2500 za General Electric, aina ya tabaini ya gesi iliyotokana na injini ya ndege. Injini hizo zinaundwa hadi leo na zimo katika meli za mataifa mengi. Ikiharibika moja, mafundi huichomoa nzima kupitia njia ya kuingizia hewa, wakashusha nyingine. Mbovu ikatengenezwa nchi kavu.

Mtambo wa kurushia makombora, Mk 26, una hadithi tofauti. Una mikono miwili inayopokea makombora kutoka ghala lililo chini ya sitaha. Marekani iliufunga pia katika kruza za daraja la Virginia na kruza tano za mwanzo za Ticonderoga. Zilizofuata zikawekewa mashimo ya kurushia wima. Kruza hizo tano zilistaafishwa 2004 na 2005, Taiwan ikiwa ndiyo kwanza inajiandaa kupokea meli zake. Mtambo ukishaachwa hivyo, vipuri hutoka katika akiba ya zamani, katika meli zilizostaafu ambazo huchinjwa kama magari ya gereji, au huchongwa upya kimojakimoja kwa gharama kubwa.

Meli ni ileile, lakini injini yake ina ndugu duniani na mtambo wake wa makombora umebaki yatima. Serikali inayoletewa manowari kwa bei nafuu na ianze kwa kukagua orodha ya vipuri, kifaa kwa kifaa, na kuuliza nani bado anavitengeneza. Bei ya meli hulipwa mara moja. Vipuri hulipiwa hadi siku inapostaafu.