C60 na C70: Namna ya Kutenganisha Mipira ya Kaboni

Ukipitisha umeme mkali kati ya fito mbili za grafaiti ndani ya gesi ya heliamu, utapata masizi. Kwa macho ni masizi tu kama ya kibatari. Lakini humo mna fulerini, yaani molekuli za kaboni tupu zilizojifunga kama mpira. Maarufu zaidi ni C60, yenye atomi 60. Jirani yake ni C70, iliyorefuka kidogo. Krätschmer na Huffman walionesha njia hii mwaka 1990. Sasa, unazitoaje humo?

Hatua ya kwanza ni rahisi. Fulerini zinayeyuka kwenye toluini, masizi mengine hayayeyuki. Unaloweka, unachuja, basi. Ila ulichonacho bado ni mchanganyiko.

Hapo ndipo inapoingia kromatografia ya kimiminika. Unajaza mrija unga laini, unamimina mchanganyiko juu, kisha unausukuma kwa kiyeyushi. Fikiria watu wanaopita sokoni: anayesimama kila meza atachelewa kutoka. C70 ni kubwa, ina eneo pana la kugusana na unga, hivyo inanata zaidi. C60 hutangulia ikiwa na rangi ya zambarau, C70 hufuata ikiwa nyekundu.

Kwa nini ilikuwa muhimu hivyo? Mwaka 1985 Kroto, Smalley na Curl walisema C60 ina umbo la mpira, lakini hawakuwa na kiasi cha kutosha kuthibitisha. Mwaka 1990 Kroto na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex walitenganisha C60 na C70 kwa unga wa alumina na heksani, wakazipima kwa NMR. Kama C60 kweli ni mpira, atomi zake zote ziko katika mazingira sawa, kwa hiyo utaonekana mstari mmoja tu. Ukaonekana mmoja. C70 ikatoa mitano, kama ilivyotarajiwa. Tuzo ya Nobel ikaja mwaka 1996.

Lakini heksani ina kasoro: gramu moja ya C60 inahitaji zaidi ya lita 20 ili iyeyuke! Toluini haifiki hata nusu lita, ila inazibeba fulerini vizuri mno kiasi kwamba alumina inashindwa kuzishika. Suluhisho? Badilisha unga. Mkaa ulioamilishwa ukichanganywa na silika unazishika hata ndani ya toluini. Kwenye mashine za HPLC hutumika silika iliyopachikwa pireni, molekuli bapa yenye pete nne za kaboni, inayovutana vizuri na uso wa fulerini. Hata C76, C78 na C84 hutenganishwa hivyo.

Kwa hiyo ukikwama na mchanganyiko maabara, usibadilishe kiyeyushi tu. Jiulize pia: unga wangu unashika nini, na kwa nguvu kiasi gani?