Mbona AI hii ya hesabu haiwezi kukudanganya
Umewahi kuuliza AI swali la hesabu ikakupea jibu feki, tena bila aibu? Cheki vile Google DeepMind walimaliza hiyo ngori. AlphaProof yao huandika kila hatua kwa lugha ya Lean, na Lean haina huruma: hatua moja ikikosa kushikana, kazi yote inakataliwa. Mashine inajaribu tena, ikijifunza kutoka kwa zile zilizokubaliwa.

2024, ikisaidiana na AlphaGeometry 2, ilipata pointi 28 kwa 42 kwenye maswali ya Olimpiadi ya Hesabu ya dunia. Hiyo ni silver. Gold iliwaponyoka kwa pointi moja tu. Lakini kuna maswali yalichukua hadi siku tatu, na wanafunzi hupewa masaa tisa pekee.

So buda, AI ikikupea jibu, uliza kwanza: nani amelikagua?