Usimwachie mwalimu wa muziki mtoto: Keti, uimbe naye

Mama mmoja alinijia kliniki na mwanawe wa kiume wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto hakuwa na homa wala kikohozi. "Daktari," akaniuliza, "ni kweli kwamba mtoto akisikiliza muziki wa Mozart kila siku atakuwa na akili nyingi?" Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alikuwa akimwagiza yaya amwekee mtoto muziki huo kwenye simu. Hata hivyo, mtoto alikuwa bado hajatamka neno. Mama alitaka kujua kama ampeleke pia kwenye darasa la muziki la watoto wadogo.

Swali hili huulizwa na wazazi wengi, hasa wa mijini. Ni vyema tulitazame kwa makini.

Uvumi ulikotoka

Mnamo 1993, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lao katika jarida la Nature. Walikuwa wamewapa wanafunzi 36 wa chuo kikuu muziki wa Mozart wausikilize kwa dakika 10. Baada ya hapo, wanafunzi hao walifanya vyema zaidi katika mtihani wa kutambua maumbo, lakini manufaa hayo yalitoweka baada ya dakika 10 hadi 15. Katika jaribio hilo hapakuwa na mtoto mchanga hata mmoja. Licha ya hayo, habari zilienea, hata mwaka wa 1998 gavana wa jimbo la Georgia akapendekeza serikali yake imnunulie kila mtoto anayezaliwa muziki wa aina hiyo.

Mzazi akiwa ndani ya wimbo

Utafiti unaomhusu mtoto mchanga hasa ni ule wa Chuo Kikuu cha McMaster, mjini Hamilton, Kanada, uliochapishwa mwaka wa 2012. Watoto wa umri wa miezi 6 walihudhuria darasa kila wiki kwa nusu mwaka, wakiwa na wazazi wao. Katika kundi la kwanza, mzazi na mtoto waliimba pamoja, wakapiga ala ndogo ndogo na kurudia bembezi na nyimbo za vitendo. Nyumbani nako walihimizwa kuzirudia kila siku. Mafunzo hayo yalifuata mawazo ya Shinichi Suzuki (1898-1998), mwalimu wa fidla wa Japani, aliyeamini kwamba mtoto hujifunza muziki kama anavyojifunza lugha ya mama: kwa kusikia, kurudia na kutiwa moyo na mzazi.

Katika kundi la pili, muziki uliwekwa tu uwe ukisikika huku wazazi na watoto wakichezea mipira na vitabu.

Ilipofika siku ya kuwapima, watoto wa kundi la kwanza walikuwa hodari zaidi wa kuonyesha vitu kwa kidole na kupunga mkono wa kwaheri. Pia walitabasamu zaidi na kutulizwa kwa urahisi. Kumbuka kuwa makundi yote mawili yalikuwa na muziki na wazazi. Tofauti ni kwamba katika kundi la kwanza mzazi mwenyewe aliimba. Mtoto hutazama uso, husubiri zamu yake na kuitikia. Hayo ndiyo mazungumzo ya kwanza kabla ya maneno.

Hata hivyo, tusitie chumvi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, katika matokeo ya mwaka wa 2013, hawakupata uthibitisho wa kutegemewa kwamba wiki 6 za darasa la muziki pamoja na mzazi huwaongezea akili watoto wa miaka 4. Kwa hivyo usilipe karo ukitarajia kuzaa profesa.

Masikio kwanza

Turudi kwa mama yule. Nilimwomba asimame nyuma ya mwanawe amwimbie. Mtoto hakugeuka. Mama alipokuja mbele yake akapiga makofi, mtoto alicheka na kumwigiza. Nilipompima nilikuta majimaji yamekwama nyuma ya viwambo vya masikio yote mawili. Simu ilikuwa ikimwimbia kila asubuhi, na hapakuwa na mtu wa kutazama kama anasikia. Nilimtuma kwa daktari wa masikio akatibiwa, na miezi michache baadaye alianza kugeuka akiitwa.

Mtoto wa miezi 6 anapaswa kugeukia sauti. Afikapo mwaka mmoja ageuke akitajwa jina, na afikapo miaka 2 aunganishe maneno mawili. Asipofanya hivyo, au akitokwa na usaha masikioni, au akiwa amewahi kuugua homa ya uti wa mgongo, mpeleke akapimwe masikio. Usingoje eti "atasema tu".

Mnaweza kuanza wenyewe

Asiye na pesa za darasa asife moyo. Wazazi wanne au watano wa mtaa mmoja wanaweza kukutana mara moja kwa wiki, nusu saa, juu ya mkeka. Imbeni kwa lugha mnayoizungumza nyumbani, iwe Kiswahili, Kikamba au Kijaluo. Akina baba wasibaki nje. Sufuria na mwiko ni ngoma ya kutosha.

Lakini zingatieni haya:

- Chupa ya kutikisa yenye maharagwe ifungwe imara, kwani punje moja yaweza kumkaba mtoto.
- Ala zioshwe, maana watoto huzitia mdomoni.
- Mtoto mwenye homa au kuhara abaki nyumbani.
- Msitumie vipaza sauti. Ikiwa ni lazima upige kelele ndipo jirani aliye karibu nawe akusikie, sauti hiyo imezidi kwa masikio ya mtoto.
- Mtoto asiyetaka asilazimishwe. Mpakate, uendelee kuimba.

Na kama sauti yako si nzuri, usijali. Mwanao hatakutoa makosa. Jioni ya leo zima redio, mketishe akutazame, umwimbie. Kisha nenda nyuma yake umwimbie tena, uone kama atageuka.