Ng'ombe wameondoka, zizi bado lipo

Ukifika Mkwaja, kaskazini mwa Bagamoyo, usidhani pori lile limekuwa hivyo tangu enzi. Kuanzia miaka ya 1950 palikuwa na ranchi ya ng'ombe. Ikafungwa mwaka 2000, na sasa ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Ng'ombe walipomaliza nyasi, moto ulikosa cha kuunguza, miche ya migunga ikapona, vichaka vikatanda.

Jamii moja ya mimea kuipisha nyingine ndiyo mfuatano wa kiikolojia. Ila eneo likiachwa si lazima lirudi lilivyokuwa. Cheki palipokuwa mazizi: samadi ya miaka imerutubisha udongo, zikaota nyasi fupi zenye lishe. Ngiri na kuro huzifuata, na (samahani) wananyea hapohapo.